Jirani Aliyechimba Sebule Akitafuta Besi

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba sauti nyembamba ya mbu na sauti nene ya radi, kisha akatupa sikio moja linaloweza kuzipokea zote mbili. Tunamshukuru pia kwa majirani aliotupa bila kutuuliza. Kama angeniachia nichague mwenyewe, huyu ninayetaka kumweleza nisingemchagua, na hasara ingekuwa yangu.

Jina lake silitaji. Yu hai, anakaa ng'ambo ya ua wangu hapa Manika, mjini Kolwezi, na aliniomba niandike "jirani" tu, kwa sababu, alisema, ukitaja jina watu wanaanza kutafuta sura badala ya kusikiliza. Basi ni jirani. Yeye ni Mkristo wa familia za Kasai na alikuwa fundi umeme wa kampuni ya migodi mpaka alipostaafu. Mimi ni Mwislamu, mtu wa Maniema. Niliendesha lori kwenye barabara ya Sandoa nusu ya maisha yangu, na nusu nyingine nimefundisha watoto Kurani. Tumekaa ua kwa ua zaidi ya miaka ishirini.

Baragumu la msikiti ndilo lililotukutanisha. Wengi mnalijua: kile chuma cha kupaza sauti chenye mdomo uliofunguka kama ua la boga. Alasiri moja jirani alisimama kwenye lango la msikiti, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kulalamika juu ya kelele, nikaanza kutayarisha maneno ya upole. Kumbe alikuja kumtetea mwadhini wetu.

"Tata mwalimu," aliniambia, "mi siko wa dini yenu. Lakini ule mutu eko na sauti ya kifua, na hii chuma inaipitisha ku pua."

Mwadhini, mtu mpole anayeuza mafuta ya kupikia sokoni, alinuna kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja, kisha akakubali. Jirani alipanda ngazi, akagonga chuma kwa kidole, akasikiliza kinavyolia, akashuka. Kesho yake alirudi na vipande vya mpira mweusi, ule wa mikanda mipana inayobeba mawe migodini, alivyopewa na mtu mmoja upande wa Kingamyambo. Akalivika baragumu mpira kwa nje kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni, akaziba mahali palipovuja hewa, akaligeuza kidogo lisitazame ukuta wa shule. Siku hiyo adhana ilitoka na kifua. Mwadhini alipojisikia alianza kuyavuta maneno, na tangu hapo adhana yetu imerefuka. Mama mmoja anayekaa nyuma ya msikiti alikuja kuuliza kama tumeajiri mtu mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyomjua: mtu anayeona uchungu sauti ya mwenzake inapoibiwa, hata kama ni sauti inayomwita Mungu kwa njia tofauti na yake.

Ana tabia ya kugonga vitu. Sokoni Manika wauza mabeseni wanamfahamu. Anapita akigonga kila beseni mara moja na kuinamisha sikio, na wao wanamwambia, papa, yaani baba, leo nunua hata moja. Aligonga mlango wangu mpya kabla ya kuingia kuuona, akaniambia fundi amenidanganya, ndani ni mtupu. Siku moja tulimsindikiza marehemu wa mtaani, tukapita kwa seremala kuchukua sanduku, na jirani akaligonga. Seremala alimtazama vibaya. Jirani, kwa nia njema kabisa, alimsifu kwamba mbao zimefungwa vizuri, sanduku kama hili lingetoa besi. Ilinibidi nimvute mkono tutoke nje, na Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka huku nikijifanya nakohoa.

Mtu angedhani anayependa vipaza sauti anapenda kelele. La. Kelele inamwumiza. Kanisani kwake kuna kijana wa kinanda anayezungusha kitufe cha besi mpaka mwisho, na Jumapili hizo jirani anatoka na kusali chini ya dirisha. Nyumbani kwake muziki unapigwa kwa sauti ya watu wanaoongea mezani. Wageni wakimwambia aongeze, anawajibu kwamba kuongeza si kusikia, na anawapa karanga. Tena hachezi. Katika harusi zote nilizomwona, anakaa karibu na bafle, yaani masanduku ya spika, akitikisa kichwa kwa huruma, si kwa muziki bali kwa masanduku yenyewe.

Sebuleni kwake kulikuwa na mabaragumu mawili ya zamani sana, ya rangi ya kijivu, kila moja na mdomo mpana kama beseni la kufulia. Yalikuwa ya ukumbi wa wafanyakazi, ambako zamani walionyesha sinema na kupiga dansi. Ukumbi ulipofungwa, aliyakuta kwenye lundo la vyuma akayaleta nyumbani moja moja kwa teksi-moto, ile pikipiki ya abiria, akiwa amekaa kinyumenyume na baragumu mgongoni. Mwenye pikipiki alisimulia kijiweni kwamba upepo uliingia mle mdomoni mpaka akadhani kuna mtu anawavuta nyuma.

Yale mabaragumu yalikuwa na sauti safi ajabu. Mwimbaji alikuwa kama amesimama mbele yako na mate yake. Lakini besi hayakuwa nayo. Na besi ndiyo iliyokuwa shida ya nyumba ile.

Katika ujana wake jirani alipiga gitaa la besi katika orkestra ya ule ukumbi. Walirekodi sahani moja tu ya santuri. Kwenye karatasi yake waliandika majina ya wote, wakamsahau yeye. Wenzake wengine wamekwenda mbele ya haki, wengine wamehamia mbali. Ushahidi uliobaki ni sahani yenyewe, na kwenye yale mabaragumu sahani ilitoa gitaa, ngoma na waimbaji, ila si yeye.

Mke wake, mama mwenye ulimi mwepesi na moyo mwema, hakuacha jambo hilo lipite. Kila mgeni alipowekewa ile sahani, yeye alitega sikio kwa heshima, kisha akamwuliza mumewe, wewe uko wapi. Aliwaambia wageni kwamba labda siku ile alibeba viti. Jirani alijibu, "Mama, besi iko mule. Ni mulango ya kutokea njo haina." Naye mama alisema kwamba amekaa miaka arobaini na mtu aliyefungiwa ndani ya sahani, na hata kikohozi chake hajakisikia.

Tulicheka wote. Lakini mwaka mmoja mama aliacha kusikia birika linapochemka. Kisha vifaranga. Kisha simu. Akaanza kujibu maneno ambayo hatukusema. Hospitalini muuguzi mmoja alimweleza jirani kwa upole kwamba ni umri, na kwamba mara nyingi sauti nyembamba zinatangulia kuondoka na nene zinabaki hadi mwisho.

Jioni ile alikuja kwangu. Alikaa muda mrefu akizungusha kofia mikononi. Hakugonga kitu chochote, na kwa hilo nilijua kuna jambo.

"Tata mwalimu," alisema, "masikio ya mama yanafunga mulango kutoka juu. Chini kungali wazi. Kitu itabaki kwake ni besi. Na mi besi sina."

Nilimwambia Mungu haachi mlango wa mwisho bila mtu wa kubisha. Sikujua kama ni kweli, lakini ndilo neno lililokuja.

Tangu siku ile kazi yake haikuwa tena mchezo wa mstaafu. Kwanza alirefusha midomo ya mabaragumu kwa mabati. Yakalia kama sufuria. Akayavika mpira; yakanyamaza, lakini besi haikuja. Akajenga masanduku kwa mbao za makasha makubwa yanayoleta mitambo ya migodi, akatia ndani spika pana ya sinema. Ikatoka sauti moja tu, ya mtu anayesukuma kabati. Alikuwa na subira na vitu. Alikaa mbele ya sanduku lililomshinda kama anayekaa na mgonjwa, hakulipiga teke, hakulilaani. Mimi niliyesomeshwa dini tangu utoto nimejifunza kwake mambo kadhaa kuhusu subira ambayo nilikuwa nikiyafundisha bila kuyajua.

Alinieleza hesabu yake kwa maneno ya kawaida. Sauti nene ni ndefu, inahitaji kutembea kwanza kwenye njia nyembamba inayopanuka polepole, na kutokea kwenye pembe ya chumba ili sakafu na kuta ziwe mdomo wake. Sauti nene, alisema, ni kama mtu mnene, hapitishwi dirishani. Urefu uliohitajika haukuenea sebuleni. Basi njia ingepita chini ya sakafu.

Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo labda ni katika mji wetu tu lingekuwa kosa. Alianza kuchimba ndani ya nyumba bila kumwambia mtu.

Ndugu msomaji, kama hujafika Kolwezi, elewa hivi: kwetu shaba na kobalti ziko chini ya miguu, na kuna mitaa ambako watu walivunja sakafu zao, wakateremka na koleo wakitafuta mawe, na nyumba zikaanguka. Hapa mtu akitoa magunia ya udongo kwenye sebule yake, hakuna atakayesema anatafuta muziki.

Wiki ya kwanza vijana walipita kuuliza kama papa anahitaji wachimbaji. Wiki ya pili alikuja mnunuzi wa mawe na kimashine chake cha kupimia. Jirani alimkaribisha kwa furaha, akamkalisha, akampa karanga, akamwekea sahani. Yule bwana alisikiliza nyimbo mbili, kimashine mapajani, akaondoka akiwa amejiamini zaidi: mzee huyu ni mjanja, anapiga muziki ili sururu zisisikike. Mtaa mzima ukaipokea habari hiyo.

Nami ni lazima niungame. Asubuhi moja niliona gunia karibu na ua, nikaingiza mkono, nikachukua udongo na kuusugua kwenye kiganja nikitafuta weusi wa kobalti au kijani cha shaba. Ulikuwa mwekundu, wa kupandia mihogo. Nilipoinua macho, jirani alikuwa dirishani. Mchana mkewe alileta kwangu kimfuko cha udongo kilichofungwa vizuri kwa utepe, akasema mumewe amesikia tata mwalimu anaupenda. Nilikipokea. Kingali nyumbani kwangu, juu ya kabati la vitabu, na kinanisaidia ninapoanza kujiona mtu mwema.

Mama mwenyewe ndiye aliyelainisha njia ile. Jirani aliipaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na saruji kidogo, na mama akateremka, akapiga magoti, akaisugua kwa kitako cha chupa jinsi alivyofundishwa kusugua sakafu kwao, mpaka ikang'aa. Nilipochungulia aliniambia, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe, kwamba analisugua kaburi la ile sahani, ili izikwe kwa heshima.

Mwishowe alikuja shefu, yaani mkuu wa mtaa. Ni mtu mchovu na wa haki. Aliwahi kusaidia kumtoa mtu chini ya nyumba iliyoanguka, na tangu hapo hapendi mashimo. Alitazama lile shimo. Jirani alimweleza kuhusu sauti ndefu na pembe ya chumba, na kuhusu masikio ya mama. Shefu alisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari.

"Papa, mi nakuheshimu," alisema. "Jumamosi nakuya na mashahidi. Kama iko besi, tutaisikia. Kama haiko, unajaza hii shimo mbele yangu, na haufungue tena."

Aliniomba niwe mmoja wa mashahidi. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Ijumaa baada ya sala nilipita kuona. Jirani alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mkono ndani ya shimo. Alikuwa ameijaribu ile njia, ikanguruma kama lori lililokwama matopeni, sauti moja tu kwa kila wimbo. Alijua sababu: sanduku la nyuma ya spika lilivuja hewa mahali waya ulipopita, na besi ilikuwa ikikimbilia hapo. Saruji isingekauka hadi kesho. Mpira haukushika. Kwa mara ya kwanza nilimwona uso umeanguka. Alisema labda angemchukua mama amkalishe karibu na bafle za harusini, ingawa huko si kusikia, ni kupigwa.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa akisonga bukari jikoni, ugali wetu wa unga wa mahindi na muhogo. Jirani aliingia, akautazama unavyong'ang'ania mwiko, akachukua tonge la moto akikimbia nalo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Aliziba nalo ule mwanya pande zote, akalisawazisha kwa kidole. Lilishika. Mama, ambaye hakuelezwa lolote, aliona tonge lake likiingia shimoni, akasema vizuri, besi ipate kula kabla ya watu.

Shefu alikuja saa tisa pamoja na mzee mwingine wa mtaa. Umeme ulikuwapo, alhamdulillahi. Nje ya ua palikuwa na watu waliokuja kuona mawe. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na pembe, amevua viatu, nyayo juu ya sakafu. Jirani aliteremsha sindano.

Gitaa lilitoka kwenye mabaragumu ya kijivu, safi, kama siku zote. Ngoma. Waimbaji. Kisha kwenye pembe ya chumba, chini, kikaingia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika sahani ile nikiwa nimeisikiliza miaka yote hiyo. Hakikuwa kikubwa. Vikombe kabatini havikutikisika. Kilikuwa kama mwenye nyumba aliyerudi akavua kofia, na wageni wote ghafla wakajua wamekaa kwa nani. Shefu alipiga goti, akamulika shimoni kwa tochi, akaizima, akabaki vilevile na goti chini.

Hakuna aliyemtazama shefu tena. Tulimtazama mama.

Alikuwa amekunja uso. Mguu wake wa kulia ulianza kupiga sakafu kwa kipimo. Wimbo ulipofika ubeti wa pili aliinua kidole.

"Rudisha."

Jirani alirudisha sindano. Mguu ukapiga tena. Kwenye ubeti wa pili kidole kikainuka tena, na sasa hata mimi nilisikia: mguu wa mama ulitua, kisha, kwa nafasi ndogo kama ya kumeza mate, besi ikatua nyuma yake.

"Huyu mutu anachelewa," mama alisema.

Shefu alisafisha koo, akauliza kwa sauti ya kazi, kwa kuwa alikuja kwa kazi, "Mama, ni yeye ama si yeye?"

Ilibidi amrudie swali karibu na sikio. Mama alimwangalia mumewe, mtu mzima mwenye udongo kwenye nyusi.

"Magitaa sizisikie tena," alisema. "Bale banaimba, sibasikie. Lakini huyu namusikia. Ni yeye. Ku ndoa yetu padri alimungoja mpaka mishumaa zilikuwa fupi. Hakuna mwingine anachelewa hivi."

Jirani aliketi ukingoni mwa shimo lake. Alivua miwani, akaifuta kwa shati lililokuwa chafu kuliko miwani, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Alipoweza kusema, alituambia kwamba kiongozi wa orkestra alimgombeza palepale studioni kwa ule ubeti, na kwamba alikuwa ameomba Mungu miaka yote hiyo mtu asiusikie.

Shefu aliandika daftarini. Niliona alichoandika: "Shimo la besi. Lifunikwe kwa mbao imara." Kisha akavuta kiti na kukaa.

Mama alikuwa bado ameinua kidole. Wimbo ulikwisha, sindano ikawa inakwaruza, na yeye akadhani tumezima.

"Rudisha," alisema. "Rudisha tena."

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie masikio yako na uvumilivu wa wanaokusikiliza. Kama kuna mtu aliyekaa nawe siku nyingi na hujamsikia sawasawa, Mola amfungulie njia ya kukufikia, hata kama ni lazima ipite chini ya sakafu. Na akikufikia amechelewa, akupe furaha ya kumtambua. Amina.